Kibali cha Mashine, Kibali cha Taka: Mvutano wa Kuidhinisha Njia Mbadala za Kutibu Taka Ambukizi

Chimbuko la mkanganyiko

Brooklyn Center ni mji mdogo ulio kaskazini mwa Minneapolis, katika Kaunti ya Hennepin, jimbo la Minnesota, ambao sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi wake kuwa 33,782. Mji huo unaishi kwa kutegemea hospitali kubwa za majirani zake, hasa Robbinsdale na Minneapolis, ilhali ndani ya mipaka yake, kama ilivyo katika mji jirani wa Brooklyn Park, huduma ya afya hutolewa zaidi katika kliniki za kawaida na za meno, na katika nyumba za kulea wazee na watu wenye ulemavu, ambako wahamiaji kutoka Kenya, Somalia na Liberia wanaonekana kwa wingi katika zamu za mchana na za usiku. Mahali pa namna hiyo hapazalishi taka ambukizi, yaani taka zinazoweza kumwambukiza mtu ugonjwa, kwa kiasi cha kujaza lori. Kinachopatikana ni kasha gumu la plastiki ambamo sindano za insulini hudumbukizwa moja moja hadi lijae, na mfuko mwekundu wenye bandeji zilizolowa damu.

Kwa mwenye nyumba au kliniki, kasha hilo ni gharama, kwa kuwa kampuni ya kusomba taka hulipwa kila inapofika, liwe limejaa au halijajaa. Ndiyo maana tangazo la mashine ndogo ya mezani inayodai kuua vijidudu papo hapo, na ambayo juu yake pameandikwa kwamba imeidhinishwa, huwa na mvuto mkubwa. Tatizo huanzia kwenye neno hilo la mwisho. Tangazo halisemi imeidhinishwa na nani, kwa taka zipi, wala kwa masharti gani, na msomaji hudhani kwamba serikali ya Marekani ina dawati moja ambalo, likishagonga muhuri, shughuli imekwisha. Dawati hilo halipo. Uchambuzi huu unaeleza kwa nini halipo, ni nani hasa wanaogawana kazi hiyo, na ni hoja zipi zinazoshindana pale mwombaji anapotaka kutibu taka kwa njia isiyo ya kuzichoma.

Tanuri lilivyopoteza nafasi yake

Kwa miongo mingi swali la idhini halikuwa na uzito, kwa sababu taka za hospitali zilichomwa. Hospitali nyingi za Marekani zilikuwa na tanuri lake nyuma ya jengo, na moshi wake ulihesabiwa kuwa sehemu ya shughuli za kawaida. Hali ilianza kubadilika katika miaka ya 1980, sindano na mirija ya damu ilipoanza kuonekana kwenye fukwe za New Jersey na New York wakati hofu ya UKIMWI ilikuwa juu. Mwaka 1988 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kufuatilia taka za tiba, lakini ilikuwa sheria ya majaribio, iliyohusu majimbo machache ya pwani ya mashariki pamoja na Puerto Rico, na ilikoma mwaka 1991. Baada ya hapo Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, linalojulikana kwa kifupi kama EPA, halikuwa tena na mamlaka ya jumla juu ya utunzaji wa taka hizo, na kila jimbo likabaki na sheria zake. Hiki ndicho chanzo cha kwanza cha mkanganyiko wa leo: mwananchi hutafuta Washington kitu ambacho kwa sehemu kubwa kiko Saint Paul, mji mkuu wa Minnesota.

Washington, hata hivyo, ilibaki na mamlaka juu ya hewa. Mwaka 1994 rasimu ya tathmini ya EPA kuhusu dayoksini, yaani kundi la sumu zinazotokea vitu vyenye klorini vinapoungua vibaya, ilitaja matanuri ya taka za tiba miongoni mwa vyanzo vikuu vya sumu hiyo nchini. Sababu yake si ngumu kuifahamu, kwa kuwa vifaa vingi vya hospitali vilitengenezwa kwa plastiki ya PVC iliyojaa klorini, na matanuri mengi yalikuwa madogo, yasiyo na vichujio, na yaliendeshwa kwa joto lisilotulia. Kanuni za mwaka 1997 ziliweka viwango vikali vya moshi, na zile za 2009 zikavikaza zaidi. Matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko maneno ya kanuni zenyewe yanavyoashiria, kwani matanuri yaliyokadiriwa kufikia takriban 2,400 wakati wa kanuni ya kwanza yalikuwa yamepungua hadi chini ya 60 ilipotoka ya pili. Kanuni hizo hazikuyapiga marufuku. Wenye hospitali walipiga hesabu ya vichujio na vipimo vya moshi, wakaona ni nafuu kuzima moto.

Pengo hilo lilijazwa kwanza na otoklevu, chombo kinachopika taka kwa mvuke wenye shinikizo, kwa kawaida katika nyuzijoto 121 au zaidi, kisha na kundi la njia ambazo watunga kanuni waliziita mbadala: maikrowevu, joto kavu, mawimbi ya redio, ozoni, dawa za kemikali, na uyeyushaji kwa magadi makali. Mvuke ulipita kwa urahisi kwa kuwa ulikuwa umezoeleka katika vyumba vya upasuaji tangu karne ya 19. Hizo nyingine ndizo zilizolazimika kujieleza.

Minnesota inavyogawa madaraka

Minnesota ilipitisha sheria yake ya kudhibiti taka ambukizi mwaka 1989. Sheria hiyo inazitaja taka hizo kwa aina: taka za maabara, damu, majimaji ya mwili yanayodhibitiwa, vitu vyenye ncha kali, na taka za wanyama wa utafiti, mradi hazijaondolewa uambukizi. Viungo na nyama za mwili wa binadamu vimewekewa fungu la peke yake. Kuondoa uambukizi nako kumeelezwa kwa matokeo na si kwa chombo, yaani kuifanya taka iwe salama kushughulikiwa kama taka ngumu za kawaida. Ufafanuzi huo una faida ya kutozeeka, kwa kuwa teknolojia yoyote mpya inaweza kuingia ndani yake, lakini unaacha wazi swali la nani anaamua kwamba taka imekuwa salama, na kwa kipimo gani.

Utekelezaji umegawanywa kati ya Idara ya Afya ya Minnesota, inayotazama mahali taka zinapozalishwa, na Wakala wa Kudhibiti Uchafuzi wa Minnesota, unaotazama wasafirishaji na vituo vya kibiashara vya kuhifadhi au kutibu taka. Mzalishaji hutakiwa kuwa na mpango ulioandikwa unaoeleza taka zake, jinsi anavyozitenga tangu zinapotoka kwa mgonjwa, anavyozifunga, na mahali zinapoishia. Kwa hiyo kliniki ya Brooklyn Center inayotaka kuacha gari la kusomba taka na kununua mashine haibadilishi kifaa tu, inabadilisha mpango wake mzima.

Juu ya ngazi hizo mbili kuna nyingine ambazo wauzaji wa mashine huwa hawazitaji. Ikiwa mashine inatumia dawa ya kuua vijidudu, dawa hiyo inapaswa kusajiliwa na EPA chini ya sheria ya viuatilifu, na hapa ndipo uongo mdogo huzaliwa, kwa kuwa namba ya usajili wa dawa hutajwa kana kwamba ni idhini ya mtambo. Ikiwa mashine inamwaga maji machafu, hasa ile inayoyeyusha kwa magadi, mkondo wake unaingia katika mfumo wa majitaka unaosimamiwa na Baraza la Metropolitan, ambalo hutoa vibali vya majitaka ya viwandani kwa eneo la miji hiyo. Ikiwa ni kituo cha kibiashara, halmashauri ya mji ina neno lake kuhusu matumizi ya ardhi. Tangu mwaka 2023 sheria ya jimbo inataka pia kwamba baadhi ya vibali vya uchafuzi wa hewa katika maeneo yaliyoelemewa vipimwe kwa kujumlisha madhara yote yaliyopo tayari, badala ya kupima moshi wa kituo kimoja kana kwamba kimejengwa jangwani. Usalama wa mfanyakazi anayeipakia mashine nao una kanuni zake tangu 1991, zinazohusu magonjwa yanayoenezwa kwa damu.

Msururu huu unachosha, lakini si urasimu mtupu. Kila ngazi inauliza swali ambalo nyingine haiulizi: je, vijidudu vimekufa? Je, aliyeviua yuko salama? Je, hewa na maji vimebaki safi? Je, jirani ameulizwa? Mashine inaweza kufaulu swali la kwanza kwa alama zote na kuanguka la pili.

Kufa kwa vijidudu kunavyopimwa

Baada ya sheria ya majaribio kukoma, maofisa wa majimbo waligundua kwamba kila mmoja wao alikuwa akikagua mashine zilezile kwa vipimo tofauti. Kuanzia mwaka 1992 walikutana chini ya jumuiya iliyojulikana kwa kifupi kama STAATT, wakatoa mwongozo mwaka 1994, na kuurekebisha mwaka 1998 na 2005. Mwongozo huo unapanga ufanisi katika madaraja manne, na daraja la tatu ndilo lililopendekezwa kuwa kiwango cha chini. Kulifikia, mashine inapaswa kupunguza bakteria wa kawaida, kuvu, virusi, vimelea na vijidudu vya jamii ya kifua kikuu kwa kiasi cha logi sita, maana yake katika kila milioni abaki mmoja tu, na kupunguza spora kwa logi nne, yaani katika kila elfu kumi ibaki moja. Spora ni umbo gumu ambalo baadhi ya bakteria hujifungia ndani yake ili kustahimili joto na ukame, na zinazotumika kama shahidi ni za Geobacillus stearothermophilus na Bacillus atrophaeus, ambazo hazimdhuru mtu lakini ni ngumu kufa. Hoja yake ni kwamba kilichomuua mgumu kimemuua na dhaifu.

Udhaifu wa kipimo hiki haumo katika hesabu bali katika mazingira ya kupimia. Kipande cha karatasi chenye spora huwekwa katikati ya mzigo ulioandaliwa na mtengenezaji, wenye unyevu na ujazo unaojulikana. Mzigo wa kazini haufanani hivyo. Kasha la sindano lililofungwa barabara hubakiza hewa ndani, na mvuke haupenyi vizuri palipo na hewa; chupa yenye majimaji huchelewa kupata joto; nepi nzito huzuia maikrowevu kufika ndani. Dawa ya klorini nayo huishiwa nguvu inapokutana na damu nyingi. Ndiyo sababu waangalizi makini hutaka kipimo kirudiwe mahali mashine itakapotumika, na kwa mzigo mbaya kuliko wote unaotarajiwa.

Hoja za wanaotaka mlango ufunguliwe

Upande wa kwanza unaundwa na watoa huduma wadogo, watengenezaji wa mashine na sehemu ya wanamazingira. Wanasema, na kwa haki, kwamba taka inayotibiwa ilipozaliwa haisafiri barabarani, haipasuki mikononi mwa dereva, na haimngojei mtu ghalani. Wanaongeza kwamba soko la kusomba taka za tiba limemezwa na makampuni machache, hivyo kliniki ndogo haina pa kukimbilia bei inapopanda. Dai lao kuu ni kwamba jimbo likubali idhini iliyotolewa na jimbo jingine, kwa kuwa kijidudu kilichokufa Wisconsin hakiwezi kufufuka kikivuka mto na kuingia Minnesota.

Hoja hiyo ina nguvu pale inapohusu mashine, na inapungua nguvu pale inapohusu anayeitumia. Hospitali kubwa ina fundi, ina mtu wa kudhibiti maambukizi, na ina daftari. Nyumba ya kulea wazee wanne au watano ina mhudumu mmoja wa zamu ya usiku ambaye pia anapika, anagawa dawa na kubadilisha shuka. Kumwongezea kazi ya kuendesha mtambo, kuweka kipande cha spora, kukipeleka maabara na kusubiri majibu kabla ya kutupa mzigo, ni kumtwika kazi ambayo tangazo la mauzo halikuipigia hesabu. Hapa bei nafuu ya mashine huwa ya kudanganya.

Hoja za wanaotaka mlango ulindwe

Upande wa pili hautetei moshi, unatetea tahadhari, na mfano wake mzito umetoka Morton, mji mdogo wa jimbo la Washington. Katika miaka ya 1990 kituo cha kibiashara cha mji huo kilitibu taka za tiba kwa njia mbadala ya mawimbi ya redio, na mwaka 1997 wafanyakazi wake watatu waligundulika kuugua kifua kikuu. Uchunguzi wa afya ya kazini ulielekeza kidole kwenye hatua iliyotangulia tiba yenyewe, kwa kuwa taka, zikiwemo za maabara zilizobeba vimelea vilivyooteshwa, zilisagwa kwanza ndipo zikapashwa joto, na kusaga kulitoa hewa yenye chembechembe iliyowafikia wafanyakazi. Kwa mmoja wao, alama za vinasaba za kijidudu zilifanana na za mgonjwa ambaye hakuwahi kukutana naye. Swali la kama mawimbi yaliua vijidudu halikuwa kiini cha mkasa. Vijidudu vilikuwa vimeshatoka.

Upande huu pia hukumbusha kwamba kuna taka ambazo hakuna njia mbadala ya kawaida inayozifaa. Mabaki ya dawa za saratani hayaharibiki kwa nyuzijoto 121, na mvuke huweza kuyatawanya tu. Prioni, protini zilizopotoka zinazosababisha ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, hustahimili otoklevu inayoendeshwa kwa mpangilio wa kawaida. Viungo vya mwili navyo vinahitaji moto, kaburi au magadi, kwa sababu za kiafya na za heshima pia. Kwa hiyo hata jimbo lenye otoklevu kila mahali litahitaji tanuri mahali fulani, na swali la haki linabaki: moshi huo utavutwa na nani?

Udhaifu wa upande huu ni kwamba tahadhari isiyo na ukomo huwa kinga ya waliokwisha kupata kibali. Mkaguzi anapodai ushahidi mpya kutoka kwa mgeni, huku daftari la otoklevu ya zamani likikaa bila kufunguliwa, kinacholindwa ni mazoea. Otoklevu iliyochoka si salama kuliko maikrowevu mpya kwa sababu tu ilifika mapema.

Kutoka tanuri hadi tanuri

Lipo jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka. Taka iliyokwisha tibiwa huwa taka ngumu ya kawaida, na katika Kaunti ya Hennepin sehemu kubwa ya taka za kawaida huteketezwa katika mtambo wa HERC, uliofunguliwa mwaka 1989 karibu na kitovu cha Minneapolis, maili chache kusini mwa Brooklyn Center, ukiwa na ruhusa ya kuchoma takriban tani 365,000 kwa mwaka. Plastiki iliyopikwa kwa mvuke ili isichomwe inaweza basi kuishia motoni ikiwa imekwisha kulipiwa mara mbili. Mtambo huo una vichujio ambavyo matanuri ya hospitali hayakuwahi kuwa navyo, lakini wakazi wa kaskazini mwa Minneapolis wameupinga kwa miaka mingi, na mwezi Oktoba 2023 bodi ya kaunti iliagiza kuandaliwe mpango wa kuufunga kati ya 2028 na 2040. Mwombaji wa kibali anayejinadi kwa kauli kwamba njia yake haina moshi anapaswa kuulizwa lori la taka litaelekea wapi baada ya hapo.

Afrika Mashariki inavyolitazama suala hilo

Wasomaji wenye mguu mmoja Minnesota na mwingine Nairobi au Dar es Salaam wataona kwamba mjadala huu si mgeni. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 kuhusu sumu zisizooza uliyataja matanuri ya taka za tiba miongoni mwa vyanzo vya dayoksini, na Kenya na Tanzania zimeuridhia, ilhali Marekani iliusaini na haijauridhia hadi leo. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 za usimamizi wa taka zinaweka taka za tiba katika sehemu yake na kuipa mamlaka ya mazingira, NEMA, kazi ya kutoa leseni. Tanzania, kwa upande wake, ilishiriki miradi ya kimataifa ya kueneza njia zisizochoma, ikiwemo ule ulioijumuisha pamoja na Ghana, Madagascar na Zambia.

Hata hivyo vikwazo vya huko ni vingine. Otoklevu inadai umeme usiokatika, maji safi, na fundi anayepata mpira wa kuziba mlango unapochakaa. Tanuri la matofali linadai kuni au dizeli na mtu wa kuliwasha, na ndiyo maana limeendelea kuwapo katika zahanati za vijijini licha ya moshi wake. Kondo la nyuma, ambalo ni bichi na haliungui kwa urahisi, limekuwa likitupwa katika shimo lililofunikwa kwa zege na kuachwa lioze, njia ya kienyeji ambayo kwa taka hiyo moja inashinda mitambo mingi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba takriban asilimia 85 ya taka za vituo vya afya hazina hatari zaidi kuliko za nyumbani. Kituo kinachochanganya hizo na zilizobaki hujizalishia mzigo ambao hakuna mashine wala kibali kitakachoumudu. Kutenga taka kitandani kwa mgonjwa hakuna muuzaji anayekunadi, na pengine ndiyo sababu hakuzungumzwi sana.

Uzito wa hoja

Hoja zote zikiwekwa pamoja, kosa kuu linaonekana kuwa kuitoa idhini kwa mashine kana kwamba mashine hujiendesha. Kinachostahili kuidhinishwa ni mkondo mzima: taka ya aina fulani, katika chombo fulani, inayopakiwa na mtu aliyefunzwa, kwa joto na muda unaorekodiwa, na yenye mahali panapojulikana pa kuishia. Kwa mtazamo huo, dai la majimbo kukubaliana idhini linafaa kwa nusu tu. Ushahidi wa maabara kuhusu mashine unaweza kuvuka mpaka na kuokoa muda wa kila mmoja. Ushahidi wa matumizi hauvuki.

Kwa mji kama Brooklyn Center, ambako taka ni kidogo na zimetawanyika katika majengo mengi, otoklevu ya pamoja inayokaguliwa mara kwa mara inaelekea kuwa na faida zaidi kuliko mashine hamsini za mezani zenye madaftari hamsini ambayo hakuna mkaguzi wa kuyasoma. Mashine ya mezani inaweza kukubaliwa kwa kliniki ya meno yenye sindano za aina moja na mtu mmoja anayewajibika, mradi isisage chochote kabla ya kupasha joto na isipokee mabaki ya dawa za saratani. Kwa nyumba za kulea, gharama ya gari ingeweza kupunguzwa kwa kliniki na nyumba jirani kuingia mkataba wa pamoja wa usombaji, jambo lisilohitaji teknolojia mpya. Mgonjwa anayejichoma insulini nyumbani kwake ana njia nyepesi zaidi, kwa kuwa sindano za majumbani hutiwa katika chupa nene ya sabuni ya kufulia iliyofungwa kwa utepe wa gundi na kuandikwa, na kituo cha kaunti kilichoko Brooklyn Park huzipokea. Nafuu hiyo ni ya kaya. Biashara ya malezi inapaswa kufuata kanuni za wazalishaji.

Linalobaki bila jibu ni la HERC. Mpango wa kufunga utakapotimia, taka zilizotibiwa zitaelekea dampo, na madampo yana kanuni na majirani yake, ambao baadhi yao hawapendi kuona mfuko mwekundu hata ukiwa umepikwa. Waombaji wa vibali vya leo wataendesha mitambo yao ndani ya kipindi hicho cha 2028 hadi 2040, na fomu wanazojaza zingepaswa kuwa na nafasi ya kueleza watafanya nini siku lori litakapoambiwa ligeuze.